Mpiga Pasi Aliyejifunza Kikantoni Kimyakimya

"Hivi hao matajiri wako, wakianza kuongea kwao huku wanakutazama, wewe unajuaje kama hawakusemi?"

Swali hilo Mama Pasi aliulizwa na jirani yake wa ukuta mmoja, asubuhi wakiwa uani wanaanika nguo. Jirani huyo watu walimwita Redio, kwa sababu habari ikiingia kwake hailali. Hakuwa mtu mbaya, la. Ukiugua, yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi. Ila ulimi wake ulitangulia mbele, naye akaufuata nyuma anahema.

Mama Pasi alicheka. "Waniseme nini mimi, mpiga pasi? Wana yao."

"Haya," alisema Redio, akabana kibanio kwenye kamba. "Mimi sijasema kitu, shoga yangu. Nimeuliza tu."

Na huo ndio ubaya wa swali. Neno baya ukilikataa, linarudi kwa mwenyewe. Swali likishaingia sikioni halina pa kurudi. Linatafuta kona, linakaa, linangoja ubaki peke yako.

Mama Pasi alikuwa mjane, mnene wa haki, mwenye mikono mikubwa na machozi ya karibu. Aliishi na mama mkwe wake, mzee asiyesikia vizuri. Mumewe alipofariki, ndugu wa mume walikaa kikao kuulizana bibi aende kwa nani, na kabla hawajamaliza kuulizana, Mama Pasi alikuwa ameshamfungia mzigo wake. "Huyu ni mama yangu," alisema, kikao kikaisha. Tangu siku hiyo, kila tonge lililoingia midomoni mwa wanawake wale wawili lilitoka kwenye pasi.

Pasi yenyewe ilikuwa kwenye duka la dobi, pale kwenye kona. Mbele palikuwa na kaunta na bomba refu la kutundikia nguo zilizokwisha. Nyuma palikuwa na mashine za kufulia, mabeseni ya kulowekea, na meza ndefu ya pasi iliyotandikwa blanketi na shuka, shuka lenyewe limeiva rangi ya chai kwa kuunguzwa miaka na miaka. Juu ya meza ilining'inia chupa ya maji yenye mpira ulioshuka mpaka kwenye pasi, na ukibonyeza kitufe, mvuke unatoka unakuvaa uso mzima. Mama Pasi alilianza shati kwa kola, akaenda mabegani, akaja mikononi, kifua akakiacha cha mwisho. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Aliona tu kwamba kifua ndicho watu wanachokitazama, basi kisije kikakunjika tena wakati unashughulika na mengine.

Wenye duka walikuwa wametoka mbali, na wao kwa wao walisema Kikantoni, Kichina cha kwao. Bosi alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa kupita bila kutoa kishindo. Mkewe, Madam, alikuwa mfupi na mwenye haraka. Waliishi juu ya duka, pamoja na mama yake Madam, kizee ambaye kila mtu alimwita Bibi. Huyo hakujua Kiswahili zaidi ya "habari", "moto" na "hapana". Lakini hakuweza kukaa bure. Kila siku alishuka ngazi polepole, akakaa mwisho wa meza ya pasi, akakunja mataulo.

Aliyebaki ni mfuaji, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyeitwa Povu kwa sababu hukuikuta mikono yake mikavu hata siku ya harusi ya binti yake. Povu ndiye aliyempa Bosi jina la Kijiti. "Kijiti leo kaamka na upande mbaya," alikuwa akisema, Bosi mwenyewe anapita hapo, na Povu anamwinamia kichwa kwa heshima zote. Mama Pasi alikuwa akicheka ndani ya shati analolipiga pasi mpaka mabega yanatikisika.

Basi swali la Redio likaanza kazi yake. Siku ile ile Madam alisema neno kwa Bosi, wote wawili wakamtazama Mama Pasi, wakacheka. Pengine walikuwa wakicheka hivyo miaka yote. Lakini siku hiyo ndiyo aliyoiona.

Na alikuwa na sababu ya kuogopa. Zamani alifanya kazi kwenye nyumba moja ya wageni, kubwa, huko wakubwa walikuwa wakizungumza Kiingereza juu ya vichwa vya wafuaji, wakitabasamu kama kawaida. Asubuhi moja wafuaji wakakuta geti limefungwa, mlinzi anawaambia kazi imekwisha, nendeni na Mungu. Mlinzi! Yaani mlinzi alijua kabla yao.

Safari hii, alijiambia, haitakuwa hivyo. Jumapili ile alisali sala fupi: "Ee Mungu wangu, sitaki kusikiliza ya watu. Nataka kusikia yangu tu." Kisha Jumatatu akaanza kumvizia Bibi.

Alianza kwa taulo. Alilinyanyua, akaliweka mbele ya Bibi, akangoja. Bibi akalipokea akasema, "Mgoi."

"Mgoi," alirudia Mama Pasi.

Bibi alinyanyua uso. Miaka yote ile alikuwa amekaa mwisho wa meza kama kiti cha akiba, hakuna aliyewahi kumrudishia neno lake. Alitabasamu mpaka macho yakapotea. "Mgoi!" alisema tena, akainua kidole kuonyesha kwamba sauti ishuke hapa, ipande pale, kama mtu anayemwongoza mwingine ngazini gizani. Na Mama Pasi, aliyezaliwa na kukulia katika lugha yenye mgeni, mgonjwa na mgomvi, hakuona taabu yoyote kuanza neno kwa *m*. Taabu ilikuwa kwenye kupanda na kushuka. "Hii si lugha, hii ni ngoma," alimnong'oneza Povu. "Wakisema wanaimba."

Hivyo ndivyo alivyopata maneno, moja moja, ya mdomoni tu, yale ambayo watu husema bila kufikiri. *Mgoi* ni asante ya mtu aliyekupa msaada. Aliyekupa zawadi ana asante yake nyingine, *do je*, na ukizichanganya Bibi anakutazama kama umevaa viatu viwili visivyofanana. *Hou yit a* ni kulalamikia joto, na hilo kwenye chumba cha mvuke lilisemwa kila walipovuta pumzi. *Fai di la*, fanya haraka. *Hang sin*, mimi natangulia kuondoka. Na lile la kila siku, Bibi akishuka tu ngazi ya mwisho: *Sik jo fan mei a?* Umeshakula wali?

Hili la wali lilimtia Mama Pasi wasiwasi. "Kwa nini kila siku anataka kujua nimekula?" alimwuliza Povu. "Wanapima ninakula nini hapa?"

"Labda kijiko kimepotea huko juu," alisema Povu, akikamua shuka. "Wanakutafutia njia."

"Povu!"

"Nakutania, mama. Pengine ni salamu tu. Sisi nasi tunaulizana umeamkaje, kwani kuna mtu anataka kujua kweli umeamkaje?"

Tangu hapo Mama Pasi akawa anajibu, "Sik jo la," nimeshakula, hata siku ambazo tumbo lilikuwa tupu.

Sasa angalieni jambo moja. Haya yote aliyafanya Bosi na Madam wasijue. Wakiingia, alinyamaza, akakaza macho kwenye kola. Alitaka waendelee kuongea mbele yake kama mbele ya ukuta. Ajabu ikawa kwamba na Bibi alifanya vivyo hivyo. Madam akitokea, kizee alifunga mdomo, akakunja mataulo kwa bidii kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Mama Pasi akaliona hilo. Huyu naye ananificha nini? Ametumwa? Ndiye anayewapelekea habari zangu?

Alimwambia Redio, na hapo, ndugu zangu, alikuwa amempa moto mwenye nyasi.

"Mimi nilikuambia," alisema Redio.

"Hukuniambia. Uliniuliza."

"Ni yale yale. Kizee hashuki ngazi bure. Wewe mzee wako hapo ndani hushuka bure?"

Ndani, mama mkwe aliyekuwa akichambua mchele alisema kwa sauti kubwa, "Nani ameshuka?"

"Hakuna aliyeshuka, mama!"

"Basi msiseme pole pole mkanifanya nidhani mnanisema mimi!"

Waliangua kicheko. Lakini Mama Pasi hakucheka mpaka mwisho.

Siku si nyingi akaanza kulisikia neno moja likijirudia baina ya Bosi na Madam: *Fei Je*. Fei Je hivi, Fei Je vile, na kila likitajwa macho yanakuja kwenye meza ya pasi. Akalipeleka kwa Bibi. Bibi alivimbisha mashavu, akatanua mikono kama anakumbatia pipa: *fei*. Kisha akatoa picha ndogo kwenye pochi yake, mabinti wawili, akamgonga yule mkubwa kwa kidole: *je*. Halafu akamgonga Mama Pasi begani kwa upole, akacheka. "Fei Je."

Dada Mnene. Kumbe ni yeye.

Kwao nyumbani, kumwambia mtu amenenepa ni kumwambia ana afya, na mume wake marehemu alimsifia mwili ule mpaka kufa kwake. Hakuumia kwa kuitwa mnene. Aliumia kwa kuwa ilikuwa kweli. Wanamsema. Kila siku, mbele yake, kwa jina ambalo hakupewa alijue.

Kisha akaja mtu mwenye futi ya chuma. Bosi alimleta nyuma, wakapima urefu wa meza ya pasi, wakapima na ukuta, wakapima mlango. Yule mtu aliondoka. Bosi na Madam wakabaki wakizungumza, na katika maneno yao, kama vipande vya sabuni vinavyoelea, Mama Pasi alishika haya: *Fei Je*. *Fai di*, haraka. Tena *Fei Je*. Na mwisho Bosi akasema *mou man tai*, hakuna tatizo.

Hakuna tatizo gani? Haraka ya nini? Mama Pasi alisimama na pasi mkononi mpaka shati la watu likataka kunuka.

Povu ndiye aliyepata habari mbele, kwa mwenye duka la vioo jirani: inakuja mashine ya kupigia pasi, kubwa, ya kukandamiza. Unatandika suruali, unafunika, unakanyaga, imekwisha. "Hata mtu asiye na mkono anaweza kuitumia," alisema Povu, kisha akajuta. "Namaanisha... wewe una mikono, mama."

"Najua ulichomaanisha."

Hapo ndipo mateso yalipokolea. Alipokuwa hajui hata neno, alilala. Sasa alijua kidogo, na kidogo kile kilikuwa kama tundu la ufunguo: unaona mguu wa mtu, unaona pindo la nguo, hujui anaingia au anatoka. Alikuwa na maneno ya kuamkia, ya kulalamikia joto na ya kuaga. Neno la kuuliza "mtaniacha?" hakuwa nalo, na Bibi hakuweza kulifundisha kwa kuvimbisha mashavu. Alijaribu. Alionyesha meza, akajionyesha mwenyewe, akaonyesha mlango, akakunja uso wa kuuliza. Bibi alimtazama sana. Akamshika mkono wake mkubwa kwa mikono yake miwili midogo, akasema jambo refu, taratibu, lenye kupanda na kushuka kwingi, na ndani yake Mama Pasi hakushika hata neno. Kisha mlango ukalia, Madam akaingia, Bibi akauachia mkono ule upesi.

Mkono wa pole ule, au wa kwaheri? Mama Pasi alirudi nyumbani na swali hilo, akampikia mama mkwe wake, akamtazama akila, akashindwa kula yeye.

Ijumaa ilileta kanzu za kwaya, nyeupe tupu, za watu waliokuwa wakizitaka jioni ile ile. Kila moja ilikuwa na uzi wake mwekundu ndani ya kola, ndiyo alama ya duka ili zisichanganyikane na za wengine. Mama Pasi alizinyoosha moja baada ya nyingine, akazilaza kwenye kigoda kirefu kando yake, zimetulia kama malaika. Bibi alikuwa mwisho wa meza na mataulo yake. Bosi na Madam wakaingia wanabishana. Sauti za juu. Fei Je ikatajwa, ikatajwa tena, Madam akatikisa kichwa, Bosi akachomoa futi ya chuma mfukoni kuthibitisha neno lake. Akaivuta, akarudi kinyumenyume kutafuta ukuta, na kisogo cha mtu hakina macho. Makalio yake yakakipiga kigoda. Kanzu zote za kwaya zikateremka kwenye sakafu ya maji.

"Yau mou gau cho a!"

Hilo lilikuwa la Bibi. Ndilo alilosema sufuria ikifurika, taulo likirudi na doa, mvua ikinyesha baada ya nguo kuanikwa. Maana yake ni kama kusema, ebo, hivi ndivyo kweli? Na sauti ilikuwa ya Bibi hasa, ile ya kumgombeza mtoto, na kupanda kwake na kushuka kwake.

"Deui mju, deui mju!" Bosi aliomba radhi papo hapo, ameinama, kama mkwe mwenye adabu anavyomwomba mama mkwe wake. Kisha akamtazama Bibi. Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa taulo. Kisha Bosi akageuka, taratibu, akamtazama aliyesema.

Mama Pasi alikuwa amesimama na pasi hewani.

Mvuke ulizidi kutoka. Madam alikuwa amebadilika rangi. Alimshika mama yake mkono, akampandisha ngazini.

"Tangu lini?" aliuliza Bosi kwa Kiswahili.

Mama Pasi akapiga magoti akaanza kuokota kanzu.

Kanzu zilifuliwa upya, zikapigwa pasi upya, kwaya ikazipata. Lakini duka halikuwa lile tena. Kesho yake Bibi hakushuka. Wala siku iliyofuata. Mwisho wa meza palibaki kiti na rundo la mataulo ambayo hayajakunjwa. Bosi na Madam wakawa wanaongelea ofisini, mlango umefungwa, na wakipita pale nyuma wanapita kimya. Zamani Mama Pasi aliwashuku wao. Sasa wao walimshuku yeye, na shaka ya mwenye duka ni nzito kuliko ya mpiga pasi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mlango.

"Umetuponza," alisema Povu.

"Nimejiponza mwenyewe. Wewe umefanya nini?"

Povu alitazama povu lake. "Mimi basi naanza kuogopa na yale ninayoyasema."

Na Redio, uani, alisema, "Sasa watakutoa. Mtu akishajua unamsikia, hakai na wewe." Akangoja Mama Pasi aseme kitu. Safari hii Mama Pasi alichukua beseni lake akaingia ndani.

Asubuhi ya siku waliyomwita, alisali kabla ya kutoka, lakini hakuomba kusikia chochote. Alikuwa amesikia vya kutosha.

Walikuwa kwenye kaunta, Bosi na Madam, duka halijafunguliwa. Povu alikuwa nyuma kidogo na ndoo, anajifanya anapangusa palipokwisha kupanguswa.

Madam ndiye aliyeanza, kwa Kiswahili chake cha vipande. "Wewe sikia sisi. Siku zote. Sisi gombana, wewe sikia. Mimi lia, wewe sikia."

"Madam," alisema Mama Pasi, "Mungu ananiona. Mimi najua kuuliza kama umekula. Najua kusema joto, haraka, hakuna tatizo, na jina mnaloniita. Najua asante mbili, najua kuaga, na lile la juzi. Mengine yote yananipita kama mvuke. Kulia nilikuona, maana kulia hakuna lugha. Sababu yake sikuijua, wala siijui."

Madam alimgeukia mumewe. Bosi alikuwa akichezea futi ya chuma, kuivuta na kuiachia.

"Mtu anayejifunza kuamkia, huamkia," alisema. "Wewe umejua salamu yetu, na mimi hukuniamkia hata mara moja. Kwa nini?"

Lilikuwa swali la haki. Mama Pasi angeweza kusema *sik jo fan mei a* asubuhi yoyote, na pengine mambo yote yangekuwa mengine.

"Niliogopa mnanisema," alisema mwishowe. "Nikataka nijue kwanza."

"Tunakusema!" alisema Bosi. "Wewe ndiye mfanyakazi wetu, tusikuseme? Fei Je amechoka, Fei Je hajala, Fei Je asiinue lile beseni. Kila siku tunakusema." Akaiachia futi, ikajirudia *tap*. "Na mimi, Kijiti, ninyi hamnisemi?"

Ndoo ya Povu ilianguka.

Hakuna aliyeiinua. Maji yalitambaa mpaka kwenye viatu vya Bosi, naye akatazama chini, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kanzu, Madam akacheka. Alijiziba, ikamshinda. Povu alikuwa amesimama kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Tangu lini?" aliuliza Povu kwa sauti ndogo.

"Tangu zamani," alisema Bosi. "Si jina baya. Mimi mwembamba. Lakini ukiniita hivyo, usiniinamie kichwa."

Mama Pasi alitaka kuzama sakafuni. Alikumbuka kila shati alilochekea ndani yake. Lakini hakuacha kichekesho kile kimpoteze. Alikuwa na mzee nyumbani wa kulisha. Akakaza moyo.

"Bosi, na mashine?"

Kicheko cha Madam kikaisha. Wawili wale walitazamana, na safari hii hawakusema kitu cha kwao.

"Mashine inakuja," alisema Bosi. "Sitakudanganya. Mimi nilitaka kuweka mtu mwingine, mwenye nguvu, aliyewahi kuitumia. Mke wangu hataki. Mama hataki kabisa. Mama amegoma kula na mimi meza moja."

"Bibi?" Mama Pasi alishangaa. "Si ananificha? Madam akiingia ananyamaza."

Madam alielewa hilo, akaguna. Akaonyesha kwa mkono: pasi, moshi, shati. "Mimi kataza. Mama sema sema, wewe cheka, nguo ungua. Mimi sema mama, nyamaza hapo. Moto." Akainamisha kichwa. "Juzi mimi kasirika. Mimi sema, usishuke tena."

Kwa hiyo mkono wa Bibi siku ile haukuwa wa kwaheri. Pengine ulikuwa wa kumwombea. Mama Pasi hakupata kujua yale maneno marefu yalikuwa nini, na mpaka leo hajui.

"Basi mimi nimeamuliwaje?" aliuliza.

Bosi alikuna shingo. "Mashine ikifika, utafundishwa kuitumia. Utafanya kwa majaribio. Halafu tutaona."

Tutaona. Mama Pasi alilijua vizuri neno hilo. Hilo halikuhitaji mwalimu. Ni neno lenye mlango mbele na mlango nyuma, na mwenye nyumba hutokea ule anaoupenda. Moyo wake haukutulia kama ambavyo wewe msomaji ungependa utulie. Aliwatazama usoni, mmoja mmoja, kama anavyotazama kola iliyopita pasini lakini ambayo bado ina mkunjo kwa ndani. Aliona watu wawili waliochoka, wasiomchukia, ambao bado wangeweza kumwacha. Yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja, na hapakuwa na lugha ambayo angejifunza ikayatenganisha.

"Una la kusema?" aliuliza Bosi.

"Ninalo."

"Sema."

Alifuta mikono yake kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu.

"Mkishaona, naomba mniambie mimi kwanza, kwa Kiswahili, na Bibi awe amekaa hapo mezani kwake."